Kiingereza cha Jioni kwa Watoto wa Mtakatifu Kayumba

Dar es Salaam ina watakatifu wengi wa shule. Simama kituoni alfajiri uyahesabu mabasi ya njano yanayopita na watoto wanaosinzia dirishani: Saint huyu, Saint yule, na mwingine ambaye hata katekista mzoefu angekuna kichwa kumtafuta kwenye kalenda ya Kanisa. Baadhi ya shule hizo ni za majimbo na mashirika ya kitawa kweli. Nyingine hazina paroko wala parokia. Mwenye shule kaona jina linauza, kalibandika getini. Watu wa mjini, ambao hawapendi kuachwa nyuma, wakaipa shule ya msingi ya serikali mtakatifu wake. Mwulize mama wa Gerezani mwanawe anasoma wapi, atakujibu huku anacheka: "Saint Kayumba." Hapo ujue ni darasa la kubanana, ada hakuna, na Kiswahili kuanzia namba mstarini hadi kengele ya mwisho.

Kicheko hicho huisha Januari.

Mtoto wa Kayumba amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Uvukizi anaujua, usanisinuru anaujua, mmeng'enyo wa chakula atakueleza kuanzia mdomoni hadi utumbo mpana bila kukosea. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza anakutana na mambo yale yale yamevaa nguo nyingine: "evaporation", "photosynthesis", "digestion". Mwalimu anaandika ubaoni, yeye ananakili kwa mwandiko mzuri kabisa maelezo ambayo hajui yameanzia wapi wala yameishia wapi. Aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole anajifunza kuinama. Anakariri. Akifaulu, amefaulu kwa kukariri. Akifeli, nyumbani wanasema mtoto huyu akili zimemruka.

Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, na hapo hadi Januari kuna miezi mitatu na ushee ambayo mtoto hana shule. Jiji limeupa msimu huo jina la prifomu wani. Wenye uwezo huwalipia watoto tuisheni, mbao za matangazo zinajaa kwenye nguzo za umeme, na kila aliyewahi kushika chaki anakuwa na kituo. Wasio na uwezo huwaacha watoto wauze maji na karanga Mtaa wa Msimbazi, au wawaangalie wadogo zao. Hao wa mwisho ndio ninaotaka kuwazungumzia, pamoja na kundi jingine la watu wazima ambalo nitalifikia.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja. Huuliza mhitimu wa ualimu anayesubiri ajira. Huuliza mstaafu aliyechoka kukaa barazani. Mara nyingine ni ndugu aliye ughaibuni, ana rafiki wa huko anayetaka kuja. Anataka kujitolea kufundisha Kiingereza katikati ya jiji kupitia Wakatoliki, aanzie wapi? Wote hutarajia niwatajie ofisi, ghorofa ya ngapi na karani gani.

Wengi huwa wameshajaribu shule za Kanisa. Siwalaumu, ni mlango unaoonekana kwa mbali. Ukishuka mwendokasi Kivukoni ukaifuata barabara ya bandarini, mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu unakusubiri, jengo la Wabenediktini wa Kijerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Jirani yake kuna shule. Historia ya shule hiyo inaeleza mengi. Ilikuwa ya masista, St. Joseph's Convent, Sheria ya Elimu ya 1969 ilipopita na shule za binafsi zikataifishwa, ikawa sekondari ya serikali iliyoitwa Forodhani, miaka mingi baadaye ikarudishwa kwa Kanisa, na mtakatifu wake akarudi naye. Lakini haikurudi katika nchi ile ile. Shule ya Kanisa mjini leo inaendeshwa kwa ada, inafundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na mwalimu wake ana mkataba na mshahara. Ukienda pale kujitolea kufundisha Kiingereza, unamwongezea chumvi mwenye bahari. Mtoto Mkatoliki wa mbeba mizigo hayupo pale. Yuko Kayumba, na Jumamosi yuko ukumbi wa parokia akijifunza amri kumi.

Mimi mwenyewe nilikosea mlango. Nilipomaliza chuo nikawa naishi kwa shangazi yangu Ilala, na baada ya miezi ya kutuma barua zisizojibiwa nikaona nisikae bure. Nikavaa shati la pasi, nikachukua bahasha yenye vyeti, nikaenda kwa paroko. Alinipokea vizuri, akasoma vyeti vyote, hata cha michezo. Kisha akauliza jumuiya yangu ni ipi. Sikuwa na jibu. Akanirudishia bahasha yangu taratibu, akaniambia nikishaijua nirudi.

Anayetoka nje ya eneo hili hawezi kuelewa uzito wa swali lile. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba Kanisa la huku lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za majirani zinazosali pamoja kila wiki. Hukutana wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wimbo, Injili, tafakari ambayo kila mahali huwa na mzee mmoja wa kuiteka, maombi, sadaka. Halafu yanakuja matangazo, na kwa anayetafuta pa kufundisha hapo ndipo penye ofisi. Nani amelazwa Amana. Nani kafiwa, na mchango wa rambirambi ni kiasi gani. Ndoa ya nani imekwama. Mtoto wa nani kamaliza la saba na sasa anashinda kibanda cha michezo ya video. Mwenyekiti wa jumuiya, ambaye mara nyingi ni mwanamama na mara nyingi ni wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayo yote hayo kichwani bila daftari.

Wa kwetu alikuwa muuza vitenge Mtaa wa Uhuru. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Si ndiye wewe unayekaa kwa shangazi yako pale juu? Miezi mitatu hatujakuona hata kwenye msiba."

Hakukuwa na cha kujibu. Wiki ya kwanza niliketi nyuma karibu na mlango. Wiki ya tatu nikapewa somo nisome. Wiki ya tano nikatajwa kwenye orodha ya wadaiwa wa mchango wa kiti cha altareni. Wiki ya saba au ya nane, kwenye matangazo, mama alisema kwamba kijana wetu huyu amesoma, basi Jumanne na Alhamisi atawafundisha watoto Kiingereza ukumbini, ameshaongea na katekista. Mimi hakuwa ameongea nami.

Hivyo ndivyo nafasi hupatikana. Huombi kazi, unakuwa mtu wa pale, na kazi inakukuta umekaa. Paroko lazima aridhie, halmashauri ya walei iarifiwe, na mtendaji wa mtaa ajue kwamba kuna watoto wanakusanyika. Lakini mwenye ufunguo, namaanisha ufunguo wa chuma wa ukumbi, ni katekista. Ndiye anayewajua watoto kwa sababu anawafundisha komunyo ya kwanza na kipaimara, na ndiye anayejua kwaya ipi inafanya mazoezi saa ngapi. Usidharau habari ya kwaya. Parokia ya mjini inaweza kuwa na kwaya nne na ukumbi mmoja, na hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kuishinda kwaya inayojiandaa kwa Pasaka.

Kuna mtu aliyepita njia hii kabla yetu wote, ingawa watu humkumbuka kwa mengine. Julius Nyerere alipohitimu Makerere mwaka 1945 alikuwa na nafasi mbili za kufundisha mjini Tabora: shule ya serikali iliyokuwa na mshahara mkubwa zaidi, na St. Mary's ya Mapadre Weupe. Akachagua St. Mary's. Na kazi ya mchana ilipokwisha, aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji ule bila kuwatoza chochote.

Kipande hicho kifupi cha maisha yake huwa kinapitwa haraka, tunakimbilia Edinburgh na TANU. Mimi hupenda kusimama hapo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hakuna shirika lililomtuma, hakuna aliyempa fulana yenye nembo. Alikuwa tayari ndani ya jamii ile kwa kazi yake na kwa sala zake, na jirani zake walikuwa na haja. Mwaka 1949 akaenda Uskochi, akarudi 1952 na shahada, akaajiriwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, chuo cha Wakatoliki vilevile. Kutoka Pugu alikuwa akija mjini kwa shughuli za siasa, mara nyingine kwa miguu kama inavyosimuliwa. Leo treni ya umeme inafika Pugu kabla hujamaliza karanga za kikombe. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa kwenye jengo la New Street, mtaa tunaouita Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo hasa. Machi 1955 akaacha kazi ya Pugu. Jina la Mwalimu hakuliacha. Na mtu huyu huyu aliyegawa Kiingereza bure Tabora ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mara mbili, huku anaongoza nchi. Wanaodhani kumfundisha mtoto Kiingereza ni kukisaliti Kiswahili wangemuuliza yeye kwanza.

Wanafunzi wake wa Tabora walikuwa watu wazima, na hapo ndipo linaingia lile kundi la pili.

Kariakoo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa gazeti hili, ila tukumbushane jina lake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, Waafrika waliobeba risasi na vyakula vya jeshi mabegani. Kambi yao ikawa hapa, na ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina. Soko lenyewe la ghorofa, lenye paa la miavuli ya zege, alilichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Julai 2021 likaungua, nasi wote tukalia. Lakini Kariakoo ni zaidi ya soko lile. Ni fremu maelfu kwa maelfu, Narung'ombe, Aggrey, Sikukuu, Kongo, Mchikichi, na wateja wanaoshuka kwenye mabasi ya Lusaka na Lilongwe, wa Lubumbashi, wa Komoro. Mkongo wa Lubumbashi mtaelewana kwa Kiswahili chake. Mzambia na Mmalawi mtahitaji Kiingereza.

Kati ya mteja huyo na fremu anasimama winga. Winga hana duka. Ana miguu na mdomo, na anajua nguo fulani zinapatikana ghorofa ya tatu ya jengo gani, kwa bei gani. Anamleta mnunuzi, anachukua chake. Winga mwenye Kiingereza anakamata Wazambia. Asiye nacho anawatazama wakipita na mwenzake. Habari za darasa letu la watoto zilipofika mtaani, mawinga kumi na mmoja walikuja kumwona katekista. Wenzao wakawacheka eti wanaenda ngumbaro. Walikuja hivyo hivyo.

Nikawaharibia. Mimi na vyeti vyangu nikaanza na nyakati za kitenzi: wakati uliopo, uliopita, uliopo timilifu. Nilichora jedwali zuri lenye rangi mbili za chaki. Wiki iliyofuata walirudi watatu. Mmoja, kijana aliyekuwa akiuza mashuka, alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu, samahani. Mteja akiniuliza kama rangi inachuja, namjibuje?"

Nilifuta ubao. Jioni ile tulifanya mashuka: rangi inachuja au haichuji, saizi ya kitanda, pisi ngapi kwa dazeni, bei ya jumla inaanzia dazeni ngapi, mzigo unafika Tunduma siku gani, hii ni ogijino au ni feki, na namna ya kusema hapana bila kumkimbiza mteja. Hilo la mwisho lilichukua muda mrefu, maana Kiingereza chetu cha shule hakina adabu; kinajua kuamuru na kujibu mtihani. Mswahili haanzi na bei, anaanza na habari za safari. Tukatafuta maneno ya kumkaribisha mtu aliyelala njiani siku mbili. Wiki ya tatu walikuwa kumi na wanne.

Kwa hesabu ya haraka zaidi ya nusu yao walikuwa Waislamu. Hii ni Kariakoo, Msikiti wa Mtoro uko pale pale, na anayefundisha chini ya msalaba lazima ajue historia anayoikalia. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wa Kiislamu wa pwani waliogopa kwamba mtoto ataingia na jina moja atoke na jingine. Woga huo haukuwa wa kubuni. Katekista wetu, mzee wa Kimatumbi mwenye maneno machache, aliweka sheria moja tu: darasa la Kiingereza halifunguliwi kwa sala. Watoto wa mafundisho wana sala zao Jumamosi. Adhana ya magharibi ikisikika, kalamu zinawekwa chini, anayekwenda anakwenda. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Sijawahi kuona mzazi akimtoa mtoto wake.

Saa pia zina siri yake. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, watu wakilala walipofanyia kazi. Nyumba hizo zimebomolewa mtaa kwa mtaa kupisha maghorofa ya biashara, na waliokuwa wakilala ndani yake sasa wanalala Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Chanika. Mchana mtaa una watu wa kumwaga, usiku umebaki na walinzi na paka. Jumuiya za katikati ya jiji zimepungukiwa familia, na mfanyakazi wa dukani anasali jumuiya ya kule anakolala. Kwa hiyo anayetaka kuwafundisha watu wazima asiwasubiri nyumbani. Awakamate kati ya saa kumi na moja, shutazi zinaposhushwa, na saa moja kabla ya foleni ya mwendokasi Gerezani kumkatisha mtu tamaa. Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, VIWAWA, ndio wanaowajua. Na asithubutu kupanga darasa wiki ya kuelekea Idi wala Krismasi.

Nao wageni? Wamekuwapo siku nyingi. Edwina Gateley, mwanamke Mwingereza asiye mtawa, alifundisha Uganda miaka ya 1960, na mwaka 1969 akaanzisha harakati ya walei wa kujitolea iliyoleta walimu na wauguzi sehemu nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wajesuiti walipofungua Loyola, Mabibo, mwaka 1995, vijana wa Kimarekani wa Jesuit Volunteer Corps walikuja kufundisha pale kwa vipindi vya miaka miwili miwili. Walei wa Maryknoll nao huja kwa miaka, na kabla ya kazi huketi kwanza darasani kujifunza Kiswahili. Shule ya lugha ya Makoko, karibu na Musoma, imeshapitisha mapadre, masista na walei wasiohesabika. Miaka hiyo na Kiswahili hicho ndivyo vinavyowatofautisha na wa wiki mbili. Mgeni wa wiki mbili huwafundisha watoto wimbo wenye kupiga makofi, hupiga picha, huondoka. Wimbo hubaki, Kiingereza hakibaki. Kama huna zaidi ya wiki mbili, keti kwenye benchi usikilize mtoto mmoja mmoja akisoma kwa sauti. Darasa la watoto sabini halina sikio la kumsikiliza kila mtu, na sikio unalo.

Karatasi nazo zina mwenyewe. Viza ya matembezi haimruhusu mgeni kujitolea. Kibali cha mtu wa kujitolea ni cha kuishi cha Daraja C, Idara ya Uhamiaji ndiyo inayokitoa, na anayemwombea huwa ni mwenyeji wake, jimbo au shirika la kitawa. Ndiyo maana anayetua uwanja wa ndege akidhani atajipangia mwenyewe hukwama. Kwa mgeni na mwenyeji vilevile, paroko mwenye akili ataomba barua kutoka parokia unakotoka. Usione umetukanwa. Tangu Papa Fransisko atoe waraka wake wa 2019 kuhusu kuwalinda watoto, na hata kabla yake kwa wale waliokuwa na busara, ukumbi wenye watoto hufundishiwa milango wazi na mtu mzima wa pili ndani. Mama wa WAWATA anayechambua mchicha mlangoni ni sehemu ya mtaala.

Kuna neno moja ambalo limenisumbua muda wote ninapoandika, nalo ni hilo kujitolea. Kwetu limeanza kuchakaa. Maelfu ya walimu waliohitimu wanafundisha shule za serikali kwa jina la kujitolea, wakipewa posho kidogo na wazazi au bila kupewa kitu, wakiamini kwamba siku ajira zikitangazwa watakumbukwa. Huko ni kusubiri kwa miguu, na ukumbi wa parokia unaweza kuwa kibaraza kingine cha kusubiria. Mhitimu anayetoka Chanika kufundisha Ilala anapanda magari mawili. Jumuiya isipomchangia nauli na chai, atakuja wiki mbili kwa moyo, ya tatu kwa aibu, ya nne hatakuja, na atasemwa kwamba hana moyo. Nimewahi kuona jumuiya tatu zikigawana nauli ya mwalimu mmoja, kila moja wiki yake, ikatosha mpaka watoto wakaingia kidato cha kwanza. Nimeona pia parokia iliyonunua spika mpya za kwaya na kumwambia mwalimu Mungu atamlipa.

Wastaafu ndio hazina ambayo hakuna anayeichimba. Wapo mjini walimu wa kizazi kilichosoma wakati Kiingereza cha Pugu na Tabora kilikuwa kinanyooshwa kwa rula. Bora kuliko wote niliowahi kuwaona alikuwa mwalimu mstaafu, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeletwa na jumuiya yake baada ya mimi kupata kazi gazetini na kuanza kukosa Alhamisi. Hakutumia kitabu wiki nzima ya kwanza. Aliwaagiza watoto walete kutoka nyumbani kitu chochote chenye maandishi ya Kiingereza. Zikaja boksi za dawa, pakiti za sabuni, karatasi ya maelekezo ya king'amuzi, lebo ya shuka. Mtoto alisoma "three times a day" juu ya dawa ya bibi yake mwenyewe na akagundua kwamba nyumbani walikuwa wakimpa mara moja. Watoto wa wabeba mizigo walileta vipande vya maboksi, kwa sababu maboksi ndiyo wanayoishi nayo. Tukawa na ukuta mzima wa katoni: "Fragile". "Keep dry". "This side up". Watoto walirudi nyumbani na maneno hayo, wakayasomea baba zao.

Mwezi uliopita nilikuwa Narung'ombe kununua feni. Mtaa umebana, gari haliendi mbele wala nyuma, na mbeba mizigo mmoja alikuwa anapita katikati na katoni kubwa ya vioo kichwani, anapiga kelele za "mzigo, mzigo, jicho!" Alinipita. Hatua tano mbele alisimama, akaishusha katoni kwenye ngazi ya fremu huku watu nyuma yake wanamtukana kwa kuwazuia. Akainama akasoma ubavu wake, midomo ikicheza kidogo. Akaigeuza juu chini. Akajitwisha tena, akaendelea kuelekea Msimbazi.